Gawa kwa Nane

Nyanzobe aliniita saa mbili asubuhi,
Mwaloni, Kirumba, kibanda cha tatu toka kwenye mizani.
Hakunisalimu. Alinigeuzia simu.
"Soma."
Nne nukta tisa kwa sekunde.
"Na risiti yenu inasema ngapi?"
Arobaini.

"Mimi muuza dagaa, chuo sijakiona.
Lakini arobaini ikiondoka kwenu
ikanifikia haijatimia hata tano,
kuna mtu katoboa gunia."

Swali hili nimelijibu Pasiansi, nimelijibu hosteli za Malimbe,
nimemjibu tabibu wa Bugando aliyenirudishia rauta kwa hasira.
Maneno huwa ninayo, ya kwenye kipeperushi.
Leo yaliniganda kooni
kwa kuwa mkononi ameshika sado.

"Mama, debe hilo sado ngapi?"
"Tano."
"Nikikuandikia sado arobaini,
ukafika nyumbani ukakuta madebe manane,
nimekuibia?"
Alinitazama kama niliyeuliza bei ya maji ya ziwa.
"Hujaniibia. Umebadili chombo."

Basi nikakunja vidole gumba vyote viwili,
kama alivyotufundisha Mwalimu Mafuru kule Nansio
kuhesabu mizani ya shairi, gumba hazihesabiwi,
nikamwambia kwa vidole vilivyobaki:

Biti ni jibu la moja,
ndiyo, siyo, bila hoja;
zikikaa kwa pamoja
baiti moja ni nane.

Waya husema kwa biti,
simu yako kwa baiti;
usiichane risiti,
chukua, gawa kwa nane.

Kilo elfu huwa mega,
mega elfu huwa giga;
hesabu haina woga
ila pale penye nane.

Kila mstari silabi nane: kila mstari baiti.
Hilo sikumwambia. Nililiona mwenyewe,
nimechelewa miaka ishirini, na harufu ya dagaa puani.

"Arobaini kwa nane ni tano," akasema.
"Hapa nne nukta tisa. Kilichopungua kiko wapi?"
"Gunia lenyewe, Mama.
Kila fungu la data husafiri na anuani yake,
linatoka wapi, linakwenda kwa nani,
nayo anuani hupimwa pamoja na mzigo."
"Uzito wa gunia." Akatikisa kichwa. "Hata mimi huutoa."

Nikaanza kufunga mkoba.

"Kaa. Hatujamaliza.
Nani hapa Mwaloni anauza dagaa kwa kuhesabu mmojammoja?
Nikiandika *Dagaa laki nane*, mteja akaja mbio,
akakuta debe,
mimi ni msema kweli au ni tapeli mwenye hesabu nzuri?"

Kwenye kipeperushi, be ni ndogo, ya kitumbo kimoja.
Kwenye simu yake, be ni kubwa, ya matumbo mawili.
Kati ya tumbo moja na mawili
ndimo mshahara wangu unamopita.
Sikuwa na la kusema. Wapagazi walipiga kelele, "Pisha! Pisha!"
nikashukuru kupishwa.

Mteja wa Bukavu alikuwa amemtumia video:
magunia sitini, yamefika, hayajulikani kama yamelowa.
Megabaiti mia mbili.
"Mia mbili kwa tano," akanong'ona,
akabonyeza, akaanza kuhesabu kwa sauti,
bila kukunja gumba, kwa namna yake.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Arobaini.
Kimstari kikasita, kikavuka.

"Arobaini yangu hiyo hapo," akasema, akacheka peke yake.
"Nililipia, nimeisubiri."

Magunia mawili yalikuwa yamelowa.
Hakuniaga. Alikuwa ameshaanza kufoka kwa Kifaransa kibovu,
haraka kuliko waya wowote niliowahi kuuvuta.

Jioni, ofisini, walikuwa wanachapa vipeperushi vipya.
Themanini, kwa wino mwekundu.
Nilichukua kimoja, nikakigeuza,
nikaandika nyuma kwa penseli: *kumi, toa gunia*.
Nimekikunja mfukoni.
Sijajua nitampa nani.